Mtakatifu Pantaleo, tabibu asiyetoza malipo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mtakatifu Pantaleo ni nani?

Ni tabibu kijana wa Nikomedia, katika nchi ya kale ya Bithinia, ambayo leo ni sehemu ya Uturuki. Alitibu wagonjwa bila kuwadai chochote, akakatwa kichwa kwa ajili ya Kristo yapata mwaka 305, wakati wa dhuluma iliyoanzishwa na Kaisari Dioklesiani. Kanisa la Mashariki na la Magharibi yote mawili yanamheshimu kama mfiadini. Madaktari na wakunga wamemfanya msimamizi wao kwa karne nyingi.

Mbona wengine wanamwita Panteleimoni?

Ni mtu yuleyule. Wazazi wake walimpa jina la Pantoleoni, lenye maana ya simba katika mambo yote, jina la kifahari kwa mtoto wa tajiri. Masimulizi ya kifo chake yanasema kwamba alipokuwa akisali kabla ya kukatwa kichwa, sauti kutoka mbinguni ilimwita Panteleimoni, yaani mwenye huruma kwa wote. Waorthodoksi wameshika jina hilo la pili. Walatini walishika lile la kwanza, na ndiyo maana Wakatoliki wa kwetu wanabatizwa Pantaleo. Katika ukurasa huu tutatumia Pantaleo.

Nikomedia ulikuwa mji wa namna gani?

Usiufikirie kama kijiji cha pembeni. Dioklesiani aliuchagua uwe makao yake, akajenga humo jumba la kifalme, kwa hiyo siku zile maamuzi makubwa ya nusu ya mashariki ya dola ya Kirumi yalitoka Nikomedia. Leo mji huo unaitwa Izmit, mashariki ya Istanbul.

Wakristo walikuwa wengi humo hata kabla ya dhuluma, na kanisa lao lilikuwa mahali palipoinuka, likionekana wazi kutoka jumba la kaisari. Tarehe 23 Februari 303 askari walilibomoa, na kesho yake amri ya kwanza dhidi ya Wakristo ikabandikwa hadharani. Mambo haya tunayajua vizuri kwa sababu Laktansi, mwandishi Mkristo aliyekuwa akifundisha ufasaha wa lugha mjini humo, aliyaandika. Pantaleo alikulia katika mji huo, karibu na watawala walioamua kuifuta dini ya mama yake.

Wazazi wake walikuwa Wakristo?

Mama ndiyo, baba hapana. Mama yake, Eubula, alikuwa Mkristo, akamfundisha mwanawe habari za Kristo tangu utotoni, lakini alifariki mtoto akiwa bado mdogo. Baba yake, Eustorgio, alikuwa mtu wa cheo na mali, mwabudu miungu ya Kirumi, na akamlea kijana katika desturi hizo. Pantaleo akakua bila kubatizwa. Wengi wetu tunazijua nyumba za namna hiyo, ambamo mbegu ilipandwa na mama na ikanyamaza kwa miaka mingi.

Alisomea wapi utabibu, na utabibu wa wakati ule ulikuwaje?

Baba alimpeleka kwa Eufrosino, tabibu mashuhuri aliyehudumu katika jumba la kaisari. Kijana alikuwa na akili na adabu, akaletwa mbele ya kaisari, naye akataka akihitimu awe tabibu wa jumba lake.

Tusidharau elimu aliyoipata. Matabibu wa Kigiriki walisoma maandiko ya Hipokrate na ya Galeni. Galeni alitoka Pergamo, katika Asia Ndogo hiyohiyo, na alikuwa amekufa takriban miaka mia moja tu kabla ya Pantaleo. Walijua kupima mapigo ya moyo, kuchunguza mkojo, kuunga mifupa, kupasua majipu, kutengeneza dawa za mitishamba na marhamu. Walikuwa na dawa maarufu ya kuondoa sumu iliyoitwa teriaka, mchanganyiko wa viungo vingi, nyama ya nyoka ikiwamo. Wakati huohuo, hawakuutenga utabibu na ibada. Asklepio alikuwa mungu wa uponyaji, na wagonjwa walikwenda kulala usiku kwenye mahekalu yake wakingoja awatokee ndotoni na kuwaambia dawa yao.

Alimfahamuje Kristo?

Kwa njia ya mzee aliyejificha. Hermolao alikuwa padre, na pamoja na wenzake wawili, Hermipo na Hermokrate, walikuwa wameponea chupuchupu wakati Wakristo wengi wa Nikomedia walipoangamizwa. Waliishi katika nyumba ndogo bila kujitokeza. Pantaleo alipita njia hiyo kila siku akienda kwa mwalimu wake. Mzee alimwona dirishani, akampenda, siku moja akamkaribisha ndani.

Akamuuliza anasomea nini. Kijana akajibu kwamba anasoma sanaa ya Asklepio, ya Hipokrate na ya Galeni. Hermolao hakumwambia aache masomo. Alimwambia kwamba hao wana msaada mdogo kwa binadamu, na kwamba yupo mmoja anayefungua macho ya vipofu na kufufua wafu. Kijana akakumbuka maneno ya mama yake. Tangu siku hiyo akawa anaingia kwa mzee kila anapopita.

Kwangu mimi hapa ndipo moyo wa simulizi ulipo, kuliko hata miujiza inayofuata. Padre asiyeweza kutoka nje mchana, asiye na kanisa tena, bado aliona mtu wa kumfundisha.

Habari ya mtoto na nyoka ni ipi?

Siku moja, akitoka kwa Hermolao, Pantaleo alimkuta mtoto amekufa njiani, nyoka aliyemuuma yupo karibu. Yeye tabibu alijua kwamba hakuna teriaka ya kumrudisha maiti. Akamwomba Yesu Kristo amfufue mtoto na kumwangamiza nyoka, akiahidi moyoni kwamba likitendeka ataamini na kubatizwa. Mtoto akaamka, nyoka akafa. Pantaleo akarudi mbio kwa Hermolao, akabatizwa.

Na baba yake je?

Pantaleo hakubishana naye kwa ukali. Alimuuliza maswali kuhusu sanamu: kwa nini zilizosimama hazikai kamwe, na zilizokaa hazisimami? Baba hakuwa na jibu, na shaka ikaanza kumwingia.

Kisha akaletwa mtu kipofu. Alikuwa amezunguka kwa matabibu wote wa mji, akatumia kila alichokuwa nacho, na dawa zao zikamwondolea hata ule mwanga kidogo aliobaki nao. Anayeisoma Injili ya Marko atamkumbuka yule mwanamke aliyetokwa damu miaka 12, naye alimaliza mali yake kwa waganga na hali ikazidi kuwa mbaya. Eustorgio alimwonya mwanawe asijiaibishe kwa ugonjwa uliowashinda walimu wake. Pantaleo akayagusa macho ya yule mtu akilitaja jina la Yesu, naye akaona. Baba na aliyekuwa kipofu wakabatizwa pamoja. Eustorgio akazivunja sanamu za nyumbani kwake kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa nini hakutaka malipo?

Kwa sababu ya agizo moja la Bwana, alilowapa mitume alipowatuma kuponya wagonjwa: "mmepata bure, toeni bure" (Mathayo 10:8). Baba yake alipofariki, Pantaleo alirithi mali nyingi. Aliwaacha huru watumwa wa nyumba, akagawa mali kwa maskini, wajane na yatima, akatembelea wafungwa gerezani na kuwatibu. Aliyekuja kwake alitibiwa bila kuulizwa ana nini mfukoni.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, angalia hali ya matibabu wakati ule. Baadhi ya miji iliajiri matabibu wachache na kuwasamehe kodi ili wahudumie raia. Wengine wote walijitegemea, na bei ilipangwa na sifa ya tabibu pamoja na hofu ya mgonjwa. Tajiri aliita tabibu nyumbani, maskini alijikongoja hekaluni kwa Asklepio au alikufa. Sasa akatokea kijana aliyefundishwa na tabibu wa jumba la kaisari, mwenye elimu ileile wanayoiuza wengine, akaitoa bure kwa kila mtu. Mji mzima ukaanza kuhamia kwake.

Hapo ndipo kisa cha kifo chake kinapoanzia. Waliomshitaki walikuwa matabibu wenzake. Kipofu alikuwa ameshindikana kwao, na alipoulizwa ameponywa na nani hakuficha. Walikwenda kwa kaisari na habari kwamba yule anayeandaliwa kuwa tabibu wa jumba ni Mkristo, na anawavuta wagonjwa waiache miungu. Mashitaka yalikuwa ya dini, lakini masimulizi ya kale hayafichi kwamba kilichowasukuma ni wivu. Nasisitiza hili kwa sababu mara nyingi tunahubiriwa ufiadini wake na kusahau kwamba huduma yake ya bure ndiyo iliyomchongea.

Aliuawaje?

Kaisari alimwita kwanza yule aliyekuwa kipofu. Mtu huyo alikiri wazi kwamba Kristo ndiye aliyemponya, akakatwa kichwa. Pantaleo aliununua mwili wake, akauzika karibu na kaburi la baba yake Eustorgio.

Kisha akaitwa mwenyewe. Alipoona kwamba maneno hayatoshi, alimwomba kaisari aletwe mgonjwa aliyekata tamaa, makuhani waiombe miungu yao, na yeye amwombe Mungu wake. Akaletwa mtu aliyepooza miaka mingi. Makuhani wakaita, hakikutokea kitu. Pantaleo akamshika mkono, akasali, mtu akasimama. Waliokuwapo wengi wakaamini, na makuhani wakamtaka kaisari amwue haraka.

Yaliyofuata yanasimuliwa kwa urefu katika masimulizi ya maisha yake: alichomwa kwa mienge, akatiwa katika risasi iliyoyeyushwa, akatupwa baharini na jiwe shingoni, akawekwa mbele ya wanyama wakali, akafungwa kwenye gurudumu. Kila mara Kristo alimtokea kwa sura ya mzee Hermolao akamtia nguvu, na mateso hayakumdhuru. Hermolao na wenzake wawili nao walikamatwa wakauawa.

Mwishoni alifungwa kwenye mzeituni. Upanga wa kwanza ulipinda kama nta, askari wakaingiwa na hofu wakamwomba msamaha. Pantaleo aliwasamehe na kuwaombea, na walipokataa kuendelea, yeye mwenyewe aliwaambia watekeleze agizo. Inasimuliwa kwamba penye jeraha palitoka maziwa pamoja na damu, na ule mzeituni ukazaa matunda.

Yote haya ni historia?

Swali hili linastahili jibu la moja kwa moja. Dhuluma ya Nikomedia ni historia isiyo na ubishi, imeandikwa na Laktansi na Eusebi wa Kaisaria walioishi wakati huohuo. Heshima kwa mfiadini aitwaye Panteleimoni ni ya kale pia: Prokopi, mwandishi wa karne ya 6, anasimulia kwamba Kaisari Justiniani alibomoa kanisa lake lililochakaa kando ya mlango wa bahari wa Bosfori akalijenga upya kwa fahari. Kanisa lililokwisha kuchakaa karne ya 6 lilikuwa na umri wake.

Mazungumzo, orodha ya mateso na upanga uliopinda vinatoka katika masimulizi yaliyoandikwa baadaye, na yaliyosambaa zaidi ni yale yaliyopangwa upya na Simeoni Metafraste katika karne ya 10. Masimulizi ya wafiadini wa enzi ile yanafanana sana katika sehemu za mateso, na Kanisa halimlazimishi mtu kuamini kila kipengele. Mimi nayasoma kwa heshima, kama ushuhuda wa jinsi waamini walivyomwona mtu huyu. Ila mambo mawili nayashika: alikuwa tabibu, na alikufa kwa ajili ya Kristo.

Kaisari aliyemwua alikuwa Dioklesiani au Maksimiani?

Masimulizi yanamtaja Maksimiani, na watu huchanganyikiwa kwa sababu Maksimiani anayejulikana zaidi alitawala upande wa magharibi. Anayefaa hapa ni Galeri, ambaye jina lake kamili lilikuwa Galeri Valeri Maksimiani. Ndiye aliyemchochea Dioklesiani kuanzisha dhuluma, na Dioklesiani alipojiuzulu tarehe 1 Mei 305, Galeri akawa mkuu wa mashariki. Mwaka 311, akiwa taabani kwa ugonjwa wa kutisha ambao matabibu wake hawakuuweza, alitoa amri ya kuwaruhusu Wakristo waabudu, na akawaomba wamwombee kwa Mungu wao. Akafa siku chache baadaye.

Kulikuwa na watakatifu wengine waliotibu bure?

Wengi. Mashariki wamewekwa kundi moja, matabibu wasiopokea fedha. Wanaojulikana zaidi kwa Wakatoliki ni ndugu pacha Kosma na Damiano, ambao majina yao husomwa katika Sala ya Ekaristi ya Kwanza. Yupo Sampsoni wa Konstantinopoli, aliyekumbukwa kwa hospitali ya maskini mjini humo.

Bara letu lina wake pia: Kiro na Yohane. Kiro alikuwa tabibu wa Alexandria, Yohane alikuwa askari, wakauawa pamoja katika dhuluma hiyohiyo, walipokwenda kumtia moyo mama mmoja, Atanasia, na binti zake watatu waliokuwa wamekamatwa kwa ajili ya imani. Mabaki yao yakawekwa Menuthi, karibu na Alexandria, na wagonjwa wakafurika huko. Mji wa Abukir wa Misri umepata jina lake kwa Abba Kiro. Katika ibada ya Waorthodoksi, padre anapoandaa mkate kabla ya Liturujia, huwataja Kosma na Damiano, Kiro na Yohane, Panteleimoni na Hermolao. Mwanafunzi na mwalimu wake wanatajwa pamoja hadi leo.

Mbona katika picha anashika kijiko?

Ndicho kifaa chake cha kazi. Picha takatifu za Mashariki humwonyesha kijana asiye na ndevu, nywele za mawimbi, mkono mmoja ana kisanduku cha dawa chenye vyumba vidogo, mkono mwingine kijiko kirefu cha kupimia. Mara nyingi ncha ya kijiko huwa na msalaba. Michoro mizuri ya ukutani ya karne ya 12 ipo katika kanisa lake la Nerezi, karibu na Skopje, Makedonia Kaskazini, lililojengwa mwaka 1164. Venice wana kanisa lake pia, na ndani yake kuna mchoro wa mchoraji Veronese wa mwaka 1587 unaomwonyesha akimponya mtoto.

Mabaki yake yako wapi?

Kichwa chake kinatunzwa katika monasteri ya Warusi yenye jina lake, kwenye Mlima Athos, Ugiriki. Mabaki mengine yametawanyika. Köln, Ujerumani, kuna kanisa lake la karne ya 10, na humo amezikwa Theofano, aliyefariki mwaka 991, malkia aliyetoka Konstantinopoli kuolewa na Kaisari Otto wa Pili.

Kinachovuta watu zaidi ni damu. Katika kanisa kuu la Ravello, kusini mwa Italia, na katika monasteri ya Umwilisho mjini Madrid, kuna vyombo vya kioo vyenye kitu kigumu cheusi kinachoheshimiwa kama damu yake, na mwezi Julai, inapokaribia sikukuu, kitu hicho huonekana kuwa majimaji mekundu. Waamini huenda kusali mbele yake.

Sikukuu yake ni lini? Je, Wakatoliki wameifuta?

Ni tarehe 27 Julai. Waorthodoksi wa Kenya, Uganda na Tanzania, walio chini ya Patriarki wa Alexandria, huiadhimisha siku hiyo. Warusi na wengine wanaofuata kalenda ya zamani huifikia tarehe 9 Agosti ya kalenda ya kawaida. Hermolao na wenzake hukumbukwa siku moja kabla, tarehe 26 Julai.

Kwa Wakatoliki, kumbukumbu yake iliondolewa katika kalenda ya jumla ya Roma mwaka 1969, pamoja na za watakatifu wengine wengi wa kale, ili kupunguza msongamano. Hakuondolewa katika orodha ya watakatifu. Yumo katika Martirolojia ya Roma, kitabu chenye orodha hiyo, tarehe hiyohiyo. Katika Ujerumani ya zama za kati alikuwa mmoja wa watakatifu 14 wasaidizi, walioombwa hasa nyakati za tauni.

Nikimwomba mtakatifu huyu, niache dawa?

La, usiache. Ukiacha dawa za kisukari, za presha au za kupunguza makali ya virusi kwa jina la tabibu mtakatifu, unamkana kwa kile alichokifanya maisha yake yote. Alisoma kwa bidii, akatumia dawa, na akasali. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinaagiza kumheshimu tabibu kwa kuwa Bwana ndiye aliyemwumba, na kinasema dawa zimetoka ardhini kwa mpango wake. Sali, mwite padre kwa mpako wa wagonjwa, na uende kliniki tarehe uliyopangiwa.

Wanaouza mafuta na maji ya uponyaji wanasema nao wanafuata njia ya watakatifu hawa. Ni kweli?

Si kweli. Mgonjwa anayeuziwa chupa, au anayeambiwa atoe sadaka kubwa kwanza ndipo aombewe, anafanyiwa kinyume kabisa cha alichofanya Pantaleo. Yeye alikuwa na elimu halisi na alikuwa na haki ya kulipwa, akasamehe. Sisemi kwamba daktari au nesi asilipwe mshahara, wana watoto wa kulea. Nasema kwamba sala haiuzwi, na hofu ya mgonjwa si mtaji.

Kuna sala maalumu ya kumwomba?

Waorthodoksi wana wimbo mfupi wa siku yake, na unashangaza kidogo, kwa sababu haumwombi afya ya mwili. Unamwita mfiadini na mponyaji, kisha unamwomba atuombee kwa Mungu mwenye huruma ondoleo la dhambi. Jina lake hutajwa pia katika ibada ya mafuta matakatifu kwa wagonjwa. Wewe unaweza kumwomba kwa maneno yako: mtaje mgonjwa kwa jina, wataje na wanaomhudumia.

Naweza kumbatiza mtoto jina hili?

Bila shaka, na Tanzania wapo akina Pantaleo wengi. Ukimchagua awe somo wa mtoto, msherehekee tarehe 27 Julai hata kama parokiani Misa ya siku hiyo haimtaji. Familia nyingine hutumia siku hiyo kwenda wodini na sabuni, maji na chakula kwa wagonjwa wasio na ndugu wa karibu. Ulizia kwanza kwa muuguzi wa zamu nani ana shida, na saa zipi wageni wanaruhusiwa.